Hili Halina Ulimi: Nimelijaribu Sanduku la Maua ya Kunyonya

Nianze na alama, maana najua wengi husoma hapo tu: nyota tatu kati ya tano. Zilikuwa nne na nusu mpaka jioni ile mpwa wangu wa miaka saba alipoinua ua la njano, akaligeuza huku na huku, kisha akaniambia, "Mjomba, hili halina ulimi." Nitafika huko.

Kinachouzwa ni sanduku la miche sita ya maua ya bustani. Ni maua ya kupamba, lakini muuzaji anaahidi kwamba unaweza kuyachuma na kunyonya nekta yake, yale maji matamu ya ndani ya ua, mbochi kama wasemavyo wazee. Mle ndani mlikuwa na vikopo viwili vya Lonicera (kile kitambaazi ambacho maua yake huota mawili mawili), haibiskasi nyekundu, nasturtiamu, salvia yenye majani yanayonukia nanasi, na fuksia. Kila kikopo kimechomekwa kibao cha plastiki chenye picha na jina la kuvutia, jina la kutunga, lisilokuambia mmea wenyewe ni upi. Hilo lishikeni, tutalihitaji mbele. Juu ya yote kuna kadi moja ya maelekezo.

Muuzaji simtaji. Tulishamalizana kwa amani, na ninachotaka kusema kinawahusu wote wanaouza vitu vya namna hii.

Upakiaji hauna lawama. Udongo ulifika ukiwa na unyevu, mizizi imejaa vizuri, na kilichovunjika ni kitawi kimoja tu cha fuksia. Lonicera moja na haibiskasi zilikuwa tayari na matumba, kwa hiyo hatukungoja msimu mzima ili kuonja.

Lonicera ndiyo iliyonifanya nitoe hela. Ua lake ni mrija mwembamba. Linachanua likiwa jeupe, kisha baada ya siku moja au mbili linageuka njano, ndiyo maana kwenye tawi moja unakuta rangi zote mbili. Mdomo wa mrija umepasuka sehemu mbili: juu kuna mdomo mpana wenye ncha nne, na chini kuna ulimi mmoja mwembamba uliojikunja kama wa mbwa mwenye kiu. Nyuzi za chavua zimetoka nje kabisa. Sasa unabana kitako cha ua kwa kucha, bila kukikata moja kwa moja, unavuta taratibu. Ule uzi wa katikati unaanza kutoka kinyumenyume. Unapofika mwisho, kinundu cha ncha yake kinapangusa mrija wote kwa ndani na kukokota tone moja linalong'aa, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Unalilamba, na limetoweka kabla hujaamua lilikuwa tamu kiasi gani. Kisha harufu inakupanda puani kwa nyuma, na hapo ndipo unapotambua kwamba nusu ya utamu ulikuwa harufu.

Mpwa wangu alinyonya maua kumi na moja bila kupumua. Mimi, kwa ukaidi wa kiutu uzima, nikataka kujaza kijiko cha chai. Tulikaa wawili kwenye kigoda, tukavuta maua arobaini, tone baada ya tone, na kijiko kikalowa chini tu, kama kilichopanguswa vibaya baada ya kuoshwa. Nikapiga hesabu. Kijiko cha chai ni mililita 5, yaani mikrolita 5,000. Hata ukilikirimu kila ua kwa kulihesabia mikrolita 5, kijiko kimoja kinataka maua 1,000. Tangu siku ile nikimwona nyuki namwamkia. Yeye hubeba kama miligramu 40 hivi kwa safari moja, akirudi mzingani anaipunguza maji mpaka iwe asali, na wala halalamiki.

Hesabu hiyo si mzaha mtupu, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu la swali ambalo kila mtu ananiuliza akisikia nimenunua hili sanduku: je, ni salama? Nekta ya mmea unaolika ni maji, na ndani yake mna sukari, hasa sukrosi, glukosi na fruktosi, pamoja na chembechembe za vitu vingine. Matone kumi ya hicho hayamdhuru mtu. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Ila nusu ya pili ya jibu ni jina la mmea, na hapo udogo wa tone hauwezi kukutetea.

Mingine nitaipitia haraka. Haibiskasi ni lazima ulivue ua lote kutoka kwenye kikombe chake cha kijani, kisha unyonye kitako. Kuna utamu, lakini umekuja na ute kama wa bamia, na mpwa wangu alikunja uso. Ua la haibiskasi huishi siku moja tu, kwa hiyo chuma asubuhi. Moja tulilolichelewesha hadi jioni lilikuwa na uchachu, na si ajabu, kwani hamira za porini huingia kwenye nekta zikiwa zimebebwa na wadudu, zikaanza kazi yake humo humo. Fuksia ni pooza. Inapendeza macho, mdomoni hakuna kitu. Salvia ni nzuri kuliko nilivyotarajia: mrija mwekundu unachomoka kirahisi, unaweka ncha nyeupe kati ya meno, unapata utamu mwepesi, na vidole vinabaki na harufu ya nanasi.

Nasturtiamu ndiyo bingwa wangu. Nyuma ya ua kuna mkia mrefu uliochongoka, na nekta yote imekaa mle. Unakata ncha ya mkia kwa meno na kunyonya. Kinachotangulia ni utamu, halafu ukitafuna mkia wenyewe pilipili inakupiga ulimini, ukali wa kundi moja na ule wa haradali. Petali zake, majani yake, vyote vinalika. Na ni mmea wa kupanda kwa mbegu, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu maalumu.

Sasa kadi ya maelekezo. Aliyeiandika anapenda maua, hilo linaonekana, lakini ameandika mambo mawili ambayo yalipaswa kufutwa kabla ya kwenda kwa mchapaji.

La kwanza ni kwamba ua likitembelewa na nyuki na vipepeo, basi hata mtu anaweza kulinyonya. Hapana. Karibu mwaka 400 KK jeshi la Wagiriki lililokuwa likirudi nyumbani lilipiga kambi karibu na Trapezus, mji ambao leo ni Trabzon nchini Uturuki. Askari wakakuta mizinga mingi vijijini, wakala asali. Waliokula kidogo wakawa kama walevi, waliokula nyingi kama wenda wazimu, wengine wakalala chini kama wanaokata roho, wakitapika na kuhara. Hakufa mtu, na siku ya tatu au ya nne walikuwa wamesimama tena. Aliyeyaandika hayo ni Xenophon, mmoja wa viongozi wao. Nyuki walioitengeneza asali hiyo hawakuwa na neno. Walikuwa wamekusanya nekta ya rododendroni, ua la mapambo ambalo hadi leo watu wanalipanda kwenye bustani zao kwa uzuri wake. Sumu yake, greyanotoksini, hung'ang'ania milango midogo inayopitisha sodiamu kwenye seli za neva na za moyo na kuiacha wazi. Mapigo ya moyo yanapungua, shinikizo la damu linaporomoka. Waturuki wana jina la asali hiyo, deli bal, asali ya kichaa, na mpaka sasa kuna watu hupelekwa hospitali kwa kuila. Kwa hiyo nyuki si mwonjaji wako. Ana mwili wake, nawe una wako.

La pili ni ile kauli kwamba kila ua lina nekta tamu. Oleanda haina. Ua lake linawahadaa wadudu kwa rangi na harufu tu, hawapati kitu. Mtoto anayenyonya oleanda hapati hata hilo tone la kumfurahisha. Anachoweza kupata ni utomvu wenye oleandrini, sumu inayouvuruga moyo, iliyomo kwenye kila sehemu ya mmea. Na lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta, Brugmansia, lina sumu za atropini na skopolamini: mdomo unakauka, mboni zinapanuka, mtu anaongea na wasiokuwepo. Wapogoaji wa bustani wanalijua vizuri. Ukilishika kisha ukajifikicha jicho, mboni ya jicho hilo inapanuka na inachukua muda kurudi. Maua ya namna hii yamepandwa nje ya nyumba nyingi zenye watoto, na kadi inayomfundisha mtoto kwamba kila ua ni peremende inamfundisha hatari. Ningeridhika kama wangeandika tu: nyonya haya yaliyomo humu, mengine usiguse.

Jambo dogo kwenye kadi hiyo hiyo: imeandikwa kwamba ni kwa umri wote. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hapewi asali, kwa sababu ya mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli, na mimi sioni sababu ya kumpa nekta mbichi iliyokanyagwa na sisimizi. Tena anaweza kupaliwa na ua.

Haya, ua la njano.

Vikopo vya Lonicera vilikuwa viwili, nilisema. Cha kwanza kilichanua mapema, ndicho tulichokivuna na kijiko. Cha pili kilikawia. Kilikuwa kitambaazi vilevile, majani mawili mawili yanayotazamana vilevile, kibao chenye picha ileile. Siku ya ishirini na tatu kikatoa maua matatu, ya njano tangu yanafumbuka, yenye harufu nzito kuliko ya mwenzake. Nikajisemea ni aina nyingine ya Lonicera, maana aina ni nyingi. Nikageuka kuchukua kopo la kumwagilia. Niliporudi mpwa wangu alikuwa ameshachuma moja, kitako amekibana kwa kucha kama mtaalamu, lakini hajavuta. Alikuwa analitazama mdomoni mwa ua.

"Mjomba, hili halina ulimi."

Nikamwambia alishike hivyo hivyo, asilipeleke mdomoni. Nikachuma la kikopo cha kwanza, tukayalaza sambamba kwenye kiganja changu. Mtoto alikuwa sahihi. La njano lilikuwa tarumbeta yenye ncha tano za mviringo, zote sawa, hakuna mdomo wa juu wala ulimi wa chini. Nyuzi za chavua zilijificha ndani badala ya kuning'inia nje. Wala hayakuota mawili mawili. Nikampelekea picha jirani yangu anayefundisha botania. Jibu lake lilikuwa maneno mawili ya Kilatini na alama tatu za mshangao: Gelsemium sempervirens.

Kwa wasiolijua, hilo ni ua la kupamba uzio, asili yake kusini-mashariki mwa Marekani, zuri kiasi kwamba jimbo la South Carolina lililifanya ua rasmi la jimbo mwaka 1924. Mmea mzima una alkaloidi (kemikali kali za mimea), mojawapo gelsemini, zenye udugu na striknini, sumu ya kuulia panya. Kope zinalegea, mtu anaona vitu viwili viwili, viungo vinaisha nguvu, na ikizidi pumzi inakuwa shida. Hata nyuki sumu hiyo inawadhuru. Na watoto waliowahi kudhurika nalo walifanya kosa hili hili hasa: walidhani ni Lonicera, wakanyonya nekta. Kati ya maua yote duniani ambayo kitalu kingeweza kuyachanganya, wakachanganya hayo mawili.

Alikuwa hajalitia mdomoni. Nilimwosha mikono kwa sabuni, nikamsukutua kinywa kwa tahadhari, nikalitia ua kwenye mfuko safi pamoja na kipande cha tawi, nikapiga picha, na namba ya daktari nikaiweka karibu. Ukipatwa na jambo kama hili na mtu ameshameza, mmea ndio ushahidi. Nenda nao, na usimlazimishe kutapika. Jioni ikapita salama. Aliyekasirika ni yeye. "Lakini linanukia!" alilalamika, kana kwamba nimemdhulumu. Sikuwa na jibu la kumpa. Kweli lilinukia.

Nilipopiga simu, dada aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Samahani sana kaka, samahani mno. Vibao vilichanganyika kitaluni." Akaahidi kuwapigia wote waliouziwa kutoka kundi hilo, na mche mwingine ukafika ndani ya wiki. Huduma ya kurekebisha kosa naipa alama zote. Kosa lenyewe ndilo lililokula nyota. Kama kibao kingekuwa na jina la kisayansi badala ya jina la peremende, mtu wa kitaluni angekuwa na kitu cha kulinganisha na alichoshika mkononi, nami pia.

Kwa kuwa tulikuwa kwenye simu, nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya ua la kwanza. Nakiri, tulionja kwanza nikauliza baadaye. Miche imepigwa dawa gani ya wadudu? Akasema haijapuliziwa chochote, dawa imewekwa kwenye udongo tu, kwa hiyo haifiki kwenye ua.

Hapa yule dada, bila ubaya wowote, alikosea. Dawa nyingi zinazowekwa kwenye udongo wa miche ya mapambo, kama imidaklopridi na ndugu zake wa kundi la neonikotinoidi, zimeundwa ili zinyonywe na mizizi na kusambaa mwilini mwote mwa mmea. Zinafika kwenye majani, kwenye chavua, na kwenye nekta. Ndiyo maana huwezi kuzisuuza. Ni kwa ajili ya nyuki Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya dawa tatu za kundi hilo mwaka 2018. Na mwaka 2017 watafiti walipima sampuli 198 za asali kutoka pande zote za dunia, wakakuta robo tatu zina angalau moja ya dawa hizo, ingawa nyingi zilikuwa chini ya viwango vinavyoruhusiwa kwa mwanadamu. Kwa hiyo sikumkimbiza mtoto hospitali kwa ajili ya matone kumi na moja. Lakini mche wa mapambo hukuzwa kwa kanuni za mapambo, si za chakula, na anayeuza kwa ajili ya mdomo wa mtoto anapaswa kujua alichokitia kwenye kikopo. Vivyo hivyo maua ya kukatwa ya dukani: vaseni, sawa, mdomoni, hapana.

Nilichofanya ni hiki. Nimekung'uta udongo wa zamani kwenye mizizi, nikapanda upya, na maua yote ya msimu huu ni ya kutazama tu. Lonicera na haibiskasi ni mimea yenye mashina magumu kama ya mti, na dawa hizo zinaweza kubaki ndani ya mimea ya namna hiyo hata zaidi ya mwaka, kwa hiyo tutangoja. Nasturtiamu nimeing'oa, nikapanda mbegu zisizotiwa dawa kwenye udongo wangu, na hiyo ndiyo tunayonyonya sasa, mbali na njia ya mbwa. Tunalikung'uta ua kwanza, kwa sababu ya sisimizi, na mtoto mwenye mzio wa chavua ningemwacha atazame tu.

Mengine mawili kwa anayefikiria kununua. Lonicera, hasa Lonicera japonica, imegeuka gugu sugu katika nchi nyingi, inapanda miti na kuikaba, kwa hiyo ifungie kwenye chungu. Na ikizaa vitunda vyeusi, hivyo si vya kuliwa; vinaliumiza tumbo. Kadi haikusema lolote kuhusu vitunda, nao wanauza kwa watoto.

Je, ningenunua tena? Nasturtiamu na salvia ningenunua, moja moja, kwa mtu anayenitajia jina la Kilatini na dawa aliyotumia bila kukohoa. Sanduku zima, bado.

Ile Gelsemium niliichimba kwa glavu, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitupa, sikuichoma. Mche wa fidia umeshika kwenye chungu chake, na safari hii kibao kina maneno mawili yaliyoandikwa kwa kalamu, kwa mkono wa mtu: Lonicera japonica. Matumba yapo, hayajafumbuka. Mpwa wangu huja kuyakagua kila akitoka shule. Amesema mwaka ujao nisinyonye mpaka yeye aone ulimi.